Waya Mmoja wa Intaneti kwa Kompyuta Mbili

Kwa muda mrefu nyumbani kwetu intaneti iliingia kwa waya mmoja tu. Waya huo ulitoka kwenye modemu, kifaa kinachopokea laini ya mtoa huduma, iliyofungwa ukutani na kuishia nyuma ya kompyuta yangu, na kila mara mdogo wangu alipotaka kutuma kazi yake ya masomo ilinibidi niuchomoe, niuburute hadi chumbani kwake, kisha nikae nikisubiri amalize. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliye katika hali hiyo hiyo, kwa sababu nilipoanza kutafuta njia ya kuigawa intaneti hiyo nilikuta maelekezo mengi ya kubonyeza hapa na pale, na machache mno yaliyoeleza ni kitu gani hasa kinachogawanywa. Nilipolielewa hilo moja, maswali mengine karibu yote yalijijibu.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kununua kiunganishi kidogo chenye tundu moja upande huu na matundu mawili upande ule. Nilifikiri kama mtu aliyezoea umeme: ukiwa na soketi moja na vifaa viwili, unachomeka kigawanyo na vifaa vyote viwili vinawaka. Intaneti haiendi hivyo. Ndani ya kebo ya mtandao mna nyaya nane zilizosokotwa katika jozi nne, na mtandao wa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu kati ya hizo, moja ya kupeleka na nyingine ya kupokea. Kiunganishi cha aina ile kimetengenezwa ili jozi mbili zinazobaki zibebe mtandao wa kompyuta ya pili ndani ya kebo hiyo hiyo. Kwa hiyo kinahitaji mwenzake kwenye ncha nyingine ya kebo, na huyo mwenzake anahitaji matundu mawili ya kuchomekwa kwenye kifaa kilichoko huko. Modemu yetu ilikuwa na tundu moja. Kiunganishi kile kinasafirisha kebo mbili ndani ya ganda moja na hakifanyi zaidi ya hapo, tena mtandao wa gigabiti moja, ambao unahitaji jozi zote nne, hauwezi kupita humo kwa kasi yake. Ninalisema hili mapema kwa sababu kifaa hicho ni cha bei ndogo, kinavutia macho, na watu wengi wanaendelea kukinunua kwa matumaini niliyokuwa nayo mimi.

Baada ya hapo nilipata swichi ndogo yenye matundu matano. Swichi ni kifaa cha kweli cha mtandao: inasoma anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho, ya kila kadi ya mtandao (sehemu ya kompyuta inayochomekwa kebo), inakumbuka iko kwenye tundu gani, na kila pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, inaipeleka kwenye tundu lake badala ya kuitawanya kote. Nilichomeka modemu, kompyuta yangu na ya mdogo wangu, na taa zote zikawaka. Kompyuta yangu ilipata intaneti. Ya mdogo wangu haikupata, na nilipoangalia mipangilio yake nikakuta ina anwani inayoanza na 169.254. Tulizima kila kitu pamoja na modemu, tukaanza upya kwa kuwasha kompyuta yake kwanza. Safari hii yake ikafungua kurasa bila shida, na yangu ikabaki na ile 169.254.

“Dada, sasa wako ndio umekatika,” aliniambia kutoka chumbani kwake.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifumbua macho. Swichi ilikuwa nzima na kebo zilikuwa nzima, lakini aliyetangulia kuwasha ndiye aliyepata, na wa pili akakosa. Kulikuwa na kitu kimoja kinachotolewa, na mmoja wetu alikichukua chote. Kitu hicho ni anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao.

Kompyuta inapochomekwa kwenye mtandao, huanza kwa kuuliza kama kuna mtu wa kuipa anwani. Utaratibu wa kuuliza na kujibu unaitwa DHCP. Anayejibu huipa kompyuta anwani, huiambia lango la kutokea ni lipi, na huitajia seva za DNS zinazobadilisha majina ya tovuti kuwa namba. Kama hakuna anayejibu, kompyuta hujipa yenyewe anwani kutoka kundi la 169.254, ambayo inaiwezesha kuzungumza na majirani walio kwenye waya huo huo lakini haiwezi kuifikisha kwenye intaneti. Ndiyo maana namba hiyo ni dalili nzuri sana: ukiiona, acha kuhangaika na kivinjari na programu, nenda ukamtafute mgawaji wa anwani. Kwetu, mgawaji alikuwa mtoa huduma, na yeye alikuwa akitoa anwani moja kwa laini moja. Modemu nyingi, hasa za laini za kebo, huikariri pia kadi ya kwanza ziliyoiona baada ya kuwashwa, na hukataa kadi nyingine hadi zizimwe na kuwashwa tena.

Ubahili huo una sababu. Anwani za IP za toleo la nne zina biti 32, na kwa hesabu hiyo dunia nzima ina anwani zipatazo bilioni 4.3 tu, idadi ambayo tayari ni ndogo kuliko ya watu. Mwaka 1996 waraka wa kiufundi unaojulikana kama RFC 1918 ulitenga makundi matatu ya anwani ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia ndani ya nyumba au ofisi yake bila kumwomba mtu ruhusa: zinazoanza na 10, zile za kutoka 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Anwani hizo hazipiti kwenye intaneti ya nje. Nyumba milioni zinaweza kuwa na 192.168.1.10 bila kugongana, kama vile kila nyumba inavyoweza kuwa na chumba cha kwanza na cha pili bila posta kuchanganyikiwa.

Kinachobaki ni kumpata mtu wa kusimama mlangoni, mwenye anwani moja ya nje na nyingine ya ndani, anayetafsiri kati ya hizo mbili. Kazi hiyo inaitwa NAT, na nataka kukaa hapa kidogo kwa sababu ndiyo kiini cha jambo lote. Tuseme kompyuta yangu ni 192.168.1.10 na ya mdogo wangu ni 192.168.1.11, na sote tumefungua tovuti ile ile kwa wakati mmoja. Kila pakiti inayotoka hubeba anwani ya mtumaji na namba ya bandari, ambayo ni namba kati ya 0 na 65,535 inayotofautisha mazungumzo mengi ya kompyuta moja. Pakiti yangu imetoka na bandari 51000, na kwa bahati tu, ya kwake nayo ina 51000. Mlinda mlango huzichukua zote mbili, hufuta anwani zetu za ndani na kuandika ile moja ya nje, na kwa kuwa bandari zimefanana, ya mmoja wetu huibadilisha iwe, kwa mfano, 51001. Kisha huandika kwenye jedwali lake: 51000 ni ya 192.168.1.10, na 51001 ni ya 192.168.1.11 ambaye bandari yake halisi ni 51000. Jibu likirudi, hutazama jedwali, hurudisha anwani na bandari za mwanzo, na kila mmoja hupata ukurasa wake. Mtoa huduma, kwa upande wake, anaona kifaa kimoja tu kinachozungumza sana.

Kutokana na jedwali hilo yanafuata mambo mawili yanayofaa kukumbukwa. Kwanza, pakiti inayoingia kutoka nje bila kualikwa haina mstari wake kwenye jedwali, hivyo mlinda mlango hajui ampe nani na huitupa. Hilo ni kinga ya kiasi fulani, ingawa haichukui nafasi ya ukuta wa moto (firewall), programu ya kuzuia miunganisho isiyotakiwa, ulio kwenye kompyuta yenyewe. Pili, kama unataka mtu wa nje aifikie kompyuta mojawapo, labda kwa ajili ya mchezo au seva ndogo ya majaribio, lazima uandike mstari huo kwa mkono wako mwenyewe, na mstari mmoja unaelekea kwenye kompyuta moja tu.

Nani basi asimame mlangoni? Anaweza kuwa kompyuta mojawapo, au kifaa kinachoitwa ruta. Sisi tulianza na kompyuta, kwa sababu haikutugharimu chochote zaidi ya kadi ya pili ya mtandao. Windows imekuwa na uwezo huo tangu Windows 98 toleo la pili la mwaka 1999, na macOS na Linux zinao pia. Kompyuta inayosimama mlangoni inahitaji miunganisho miwili, mmoja wa kwenda kwenye modemu na mwingine wa kwenda kwenye kompyuta ya pili; kama ina tundu moja, adapta ya USB hulitoa la pili. Kisha unafungua sifa za muunganisho unaoelekea kwenye modemu na kuruhusu wengine wautumie. Sisitizo langu liko kwenye maneno hayo: unaoelekea kwenye modemu. Tulipoteza jioni nzima kwa kuwa niliruhusu ule wa upande wa pili, na mipangilio haikunionya. Windows za sasa hujipa anwani 192.168.137.1 upande wa ndani, kwa hiyo ukikuta kompyuta ya pili imepewa namba inayoanza na 192.168.137, ujue ugawaji umeanza kufanya kazi.

Kebo kati ya kompyuta mbili zilizochomekwa moja kwa moja ilikuwa na masharti yake zamani. Kwa kuwa kila kompyuta hupeleka kwenye jozi ile ile, ilihitajika kebo ya kuvuka, yenye ncha moja iliyopangwa kwa mpangilio wa T568A na nyingine kwa T568B, ili jozi ya kupeleka ya huku ikutane na jozi ya kupokea ya kule. Kadi za gigabiti hujipanga zenyewe na kebo yoyote hufaa. Ukiwa na kompyuta ya zamani sana na taa haiwaki, hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Mpango huo ulituhudumia kwa miezi kadhaa, nami siudharau, kwani kwa watu wawili wanaofanya kazi saa zile zile unatosha kabisa. Ila kompyuta yangu ilikuwa imekuwa mlango wa nyumba. Nikiizima usiku, mdogo wangu anakatikiwa. Ikilala yenyewe kwa kuachwa bila kuguswa, anakatikiwa. Ikipakua masasisho na kujiwasha upya katikati ya somo lake la video, anakatikiwa tena, na aliniambia kila mara kwa upole ambao ulinifanya nijisikie na deni kwake. Kompyuta ya kazi haikuumbwa iwe mlinzi wa mlango asiyelala.

Ndiyo sababu mwishowe nilinunua ruta, na kama ningeulizwa na mtu anayeanza leo, ningemwambia aanze hapo. Ruta ya nyumbani ni vitu kadhaa ndani ya boksi moja: mlinda mlango wa NAT, mgawaji wa anwani wa DHCP, na swichi yenye matundu manne hivi. Inatumia umeme kidogo, haina feni, na haina sababu ya kulala. Kebo ya modemu inaingia kwenye tundu la pekee, ambalo kwa kawaida limeandikwa WAN au Internet na lina rangi tofauti, na kompyuta zote zinaingia kwenye matundu yaliyobaki. Kabla ya kuiwasha ruta, nilizima modemu kwa dakika chache ili isahau kadi ya kompyuta yangu. Pale ambapo mtoa huduma anatumia PPPoE, yaani utaratibu wa kuingia kwenye intaneti kwa nenosiri, jina la mtumiaji na nenosiri vilivyokuwa kwenye kompyuta vinahamia kwenye ruta, na kompyuta haziviulizi tena.

Lakini kabla hujatoka kwenda kununua chochote, fanya jambo moja. Chomeka kompyuta yako moja kwa moja kwenye kifaa ulichopewa na mtoa huduma, kisha tazama anwani iliyopata. Kama inaanza na 192.168 au 10, huenda kifaa hicho tayari ni ruta, hata kama kila mtu nyumbani anakiita modemu. Kama kina tundu moja tu, swichi ya kawaida ile ile iliyonishinda mimi itakufaa bila mpangilio wowote, kwa sababu mgawaji wa anwani yumo ndani na ana za kutosha. Kuweka ruta nyingine nyuma yake kunaleta walinzi wawili katika mlango mmoja. Kurasa zitafunguka, lakini michezo na simu za video huenda zikaanza kusumbua, na ruta zote mbili zikitumia kundi moja la namba, kwa mfano 192.168.1 ndani na nje, ya pili haitajua njia ya kutoka. Ukiwa na ruta ya ziada na huna swichi, unaweza kuigeuza: ipe anwani ya ndani isiyogongana na ya ruta kuu, zima DHCP yake, na uchomeke kebo kwenye tundu la kawaida badala ya lile la WAN. Usiisahau hatua ya DHCP. Wagawaji wawili kwenye mtandao mmoja hutoa majibu yanayopingana, na hitilafu inayotokea huja na kuondoka kwa namna inayomchosha mtu.

Kuhusu kebo sina mengi. Kebo ya daraja la Cat5e inatosha kwa gigabiti moja, urefu usizidi mita 100, na isikunjwe vikali wala kukanyagwa na mlango. Muunganisho ukionyesha megabiti 100 wakati vifaa vyote viwili ni vya gigabiti, mara nyingi kuna uzi mmoja uliokatika au ncha isiyobanwa vizuri, kwa maana jozi mbili zikiwa nzima mtandao hushuka badala ya kufa.

Mgawanyo wa anwani ukishakaa sawa, unabaki mgawanyo wa pili, nao ndio unaohisiwa kila siku. Laini ina kasi moja. Tukipakua sote wawili, kila mmoja anapata takriban nusu, na hilo halina ubishi. Kilichonishangaza ni kwamba mdogo wangu alipopakia video ndefu ya mradi wake, kurasa zangu zilikwama kana kwamba nimekatikiwa, ilhali mimi nilikuwa napakua na yeye alikuwa anapakia. Sababu ni kwamba laini nyingi za nyumbani zina kasi ndogo ya kupakia kuliko ya kupakua, na kila unachopakua kinahitaji pakiti ndogo za kuthibitisha kwamba kimefika, ambazo husafiri upande ule mwembamba. Video yake ilikuwa imejaza foleni ya modemu, na pakiti zangu ndogo zilikuwa zimesimama nyuma yake.

Nilipima kwa amri ya ping, ambayo hutuma pakiti na kuhesabu muda wa kurudi kwake. Laini ikiwa imepumzika, jibu lilirudi kwa milisekunde 20 na kidogo. Video ikiwa inapakiwa, lilichukua zaidi ya milisekunde 900. Dawa yake ni foleni yenye akili ndani ya ruta. Utaratibu uitwao fq_codel, ulioelezwa katika RFC 8290 ya mwaka 2018, huyapa mazungumzo madogo nafasi ya kupita kati ya pakiti za mazungumzo makubwa, na hautaki foleni irefuke bila sababu. Ili ufanye kazi, ruta lazima iambiwe kasi iliyo chini kidogo ya ile halisi ya laini, ili foleni ijipange ndani ya ruta na isijipange ndani ya modemu ambayo huna mamlaka nayo. Nilipima kasi yetu ya kupakia mara kadhaa kwa saa tofauti na kuweka asilimia 90 ya niliyoipata. Tulipoteza kasi kidogo kwenye vipimo, na video ya mdogo wangu inachukua dakika chache zaidi kupanda. Ping, hata hivyo, haivuki milisekunde 40 anapopakia, nami naweza kuzungumza kwa video bila sauti kukatika.

Jambo la mwisho nililofanya lilikuwa kubadilisha nenosiri la ukurasa wa mipangilio ya ruta, lile la kiwandani ambalo huandikwa kwenye vitabu vya maelekezo na kujulikana na kila mtu, na kuzima Wi-Fi yake kwa kuwa hatuna kifaa kinachoihitaji. Kisha nilizifunga kebo mbili karatasi yenye jina la kila mmoja wetu karibu na ncha, moja langu na moja la mdogo wangu, ili siku atakapolazimika kuchomoa yake asichomoe yangu.